Mchezo Ulioruka Usiku

Tarehe 26 Juni ni siku ya kupiga vita dawa za kulevya duniani. Umoja wa Mataifa uliipanga tangu 1987, na huku kwetu Nyarugusu haipiti bila mchezo wa kuigiza. Hata wewe unayesoma ukiwa Nakivale au Kakuma, nadhani mchezo wenyewe unaujua, maana ni ule ule. Kijana mzuri wa shule. Rafiki mbaya mwenye miwani nyeusi. Msokoto wa bangi. Kijana anavuta mara moja, anaanza kucheka peke yake, anaiba ndoo ya mama yake anaiuza, anaokota makaratasi, anapelekwa kwa mchungaji, pepo linakataa kutoka, mwisho anakamatwa na polisi. Mama analia. Halafu waigizaji wote wanasimama mstari mmoja na kusema kwa sauti: "Vijana, tuache dawa za kulevya!" Makofi, soda, tunarudi nyumbani.

Huo wa kwetu wa mwaka jana haukuwa hata na jina. Mtangazaji aliuita "mchezo wa madawa" basi. Ulichezwa mchana kwenye uwanja karibu na kituo cha vijana, ukachukua kama nusu saa. Mimi nilikuwa polisi. Nilivaa koti la kaka yangu, nikaazima filimbi ya refa. Kwa hiyo ndugu msomaji unielewe: sikosoi kazi ya watu nikiwa nimekaa kivulini. Nakosoa kazi ambayo na mimi nilikuwemo, na makofi nilipokea.

Nianze na yaliyo mazuri, kwa sababu yapo. Dada aliyeigiza mama alikuwa na miaka 17 na hakuwahi kuigiza kabla. Alipogundua ndoo imeibiwa hakupiga kelele kama tulivyomfundisha kwenye mazoezi. Alitazama tu pale chini ndoo inapokaaga siku zote. Akakaa kimya. Halafu akawageukia watazamaji, akamwomba mama mmoja aliyekaa mbele: "Mama, niazime dumu lako, foleni ya maji inafungwa." Yule mama akampa dumu kweli! Uwanja mzima ulinyamaza, maana kila mtu pale anajua nyumba isiyo na ndoo ni nyumba ya namna gani. Hiyo dakika moja ilikuwa sanaa. Hatukuiandika sisi, aliileta yeye kutoka maishani.

Sasa kasoro.

Kubwa kuliko zote ni kwamba mchezo wetu hauna usiku. Kijana anaamka asubuhi, anaenda shule, anavuta mchana, anaiba saa tisa, anakamatwa jioni. Halali hata mara moja. Tuliouandika tulikuwa watu watano juu ya mkeka, na hakuna aliyeuliza: huyu kijana, jua likizama, analalaje?

Na aibu ni yangu zaidi, kwa sababu mimi jibu nilikuwa nalo. Huu ni mwaka wa tatu nakaa na kundi la vijana wa kiume kila Alhamisi. Ukiwauliza kwa nini mnavuta, mwanzoni wanakujibu kwa mzaha: "Stimu, yaya!" Wanacheka, unacheka. Ukivumilia mpaka mzaha uishe, mmoja atasema akiwa anatazama chini: "Yaya, miye navuta juu nipate usingizi." Wa pili: "Nikilala bila kitu naota." Wa tatu hasemi, anatikisa kichwa kukubali. Wengi wao sijawahi kuwasikia wakisema wanatafuta raha. Wanatafuta saa tano au sita ambazo hawatarudishwa kule walikotoka.

Kwenye mchezo, bangi inaletwa na rafiki mbaya. Rafiki mbaya yupo, sikatai. Lakini vijana wangu wengi walikutana na usiku kwanza, na rafiki akaja baadaye na dawa ya usiku. Ukimwonyesha rafiki ukauficha usiku, umeeleza habari nusu, na ile nusu uliyoiacha ndiyo inayouma.

Kasoro ya pili ni kudanganya pale ambapo haukuwa na haja. Kijana wetu anavuta pafu moja, jioni ni mwendawazimu. Vijana waliokaa nyuma, ambao bangi wanaijua kuliko waandishi, walicheka. Tulidhani wanafurahia mchezo. Kumbe walikuwa wanatucheka sisi. Ukweli wenyewe ungetosha: anayevuta sana tangu umri mdogo anaongeza hatari ya kuugua akili, hasa kama kwenye ukoo wao ugonjwa huo upo, na kumbukumbu pamoja na masomo yanashuka. Hayo yanatisha bila kuongezwa chumvi. Ila ukimdanganya kijana kwenye jambo analolijua, hatakuamini kwenye jambo asilolijua.

Na yapo mengi asiyoyajua. Mchezo wetu ulitia kila kitu kwenye gunia moja lililoandikwa "madawa": bangi, gongo (ile ambayo upande wa Kongo wengine wanaiita lutuku, wengine kanyanga), vidonge vya Valium vinavyouzwa kimoja kimoja sokoni, gundi ya watoto. Hasira yote tukaimwagia bangi. Lakini mwenye kumeza vidonge vya usingizi halafu akashushia gongo anaweza kulala pumzi ikakata, asiamke. Anayenusa gundi moyo unaweza kusimama ghafla, hata kama ni mara yake ya kwanza. Hayo ndiyo yanayoua usiku mmoja, na hatukuyataja hata kwa neno.

Ningeishia hapo kama mkosoaji wa mchezo tu. Lakini kuna lililotokea baada ya makofi.

Kati ya watazamaji alikuwepo kijana wa miaka 19. Ameniruhusu niandike habari yake, nimebadilisha vitu viwili vitatu asitambulike, na hapa nitamwita Mdogo. Alikuwa amevuta kila usiku kwa karibu miaka miwili. Alitazama mchezo mpaka mwisho, kesho yake akaja kituoni akaniambia: "Yaya, nimeacha." Nilifurahi, jamani! Kwenye ripoti ya mwezi kuna sehemu ya kuandika hadithi ya mafanikio, na tayari kichwani nilishaanza kuiandika.

Usiku wa kwanza hakulala. Wa pili hivyo hivyo. Wa nne akapitiwa na usingizi karibu na alfajiri, na ndoto ikaja. Siyo kama za zamani, alisema, hii ilikuwa na rangi na harufu. Aliamka anapiga ukuta wa udongo kwa ngumi, wadogo zake wanalia. Usiku uliofuata ikaja tena. Na kwa kuwa sisi tulimwonyesha kwamba mvuta bangi mwisho wake ni wazimu, yeye akahitimisha kwamba wazimu umefika. Wiki mbili hakuonekana. Nilipokutana naye kwenye njia ya sokoni alikuwa amerudia bangi na ameongeza gongo. Akaniambia taratibu, bila hasira: "Yaya, mchezo yenu ilisema kweli. Miye niko nakuwa wazimu."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na koti la polisi tu.

Mimi nilimaliza sekondari, sikufika chuo. Lakini kituoni tuna sanduku la vitabu vya msaada, na ndani yake mna kitabu kinene cha saikolojia cha wanafunzi wa chuo. Nilikisoma kwa kamusi, kurasa mbili tatu kwa usiku. Kilichonishangaza mwanzo ni mpangilio: usingizi, ndoto na dawa za kulevya viko katika sura moja, sura ya fahamu. Huku kambini tumevitenganisha. Asiyelala anaambiwa aende zahanati. Anayeota vibaya anapelekwa kwa mchungaji au kwa mganga. Anayevuta anaachiwa polisi na sungusungu. Kitabu kinasema ni habari moja, habari ya fahamu ya mtu inavyobadilika hali, wakati mwingine yenyewe na wakati mwingine kwa kulazimishwa. Na Mdogo ni mtu mmoja, siyo watu watatu wa kugawana ofisi tatu.

Nieleze kwa kifupi nilichoelewa, maana ndicho kilichokosekana jukwaani.

Zamani watu wengi walidhani usingizi ni kama kuzima taa. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba mtu aliyelala hupitia vipindi ambavyo macho yanakimbia chini ya kope, na ukimwamsha wakati huo mara nyingi anakusimulia ndoto. Baadaye kidogo, Mfaransa Michel Jouvet wa Lyon alionyesha kwamba katika usingizi huo ubongo unafanya kazi karibu kama wa aliye macho, huku misuli ya mwili ikiwa imefungwa. Kufungwa huko ni ulinzi, la sivyo kila anayeota anakimbia angeamka na kukimbia kweli. Usiku mzima tunazunguka kutoka usingizi mwepisi kwenda mzito kisha wa ndoto, kila mzunguko kama dakika 90, na vipindi vya ndoto vinarefuka kadiri asubuhi inavyokaribia. Ndiyo maana ndoto nyingi mbaya zinakuja kwenye saa kumi.

Hapo hapo nikaelewa na lile jambo la kukabwa na jinamizi. Wengi tumelipata: unaamka, macho yanaona chumba, lakini huwezi kuinua hata kidole, na unahisi mtu amekukalia kifuani. Ni akili iliyowahi kuamka kabla misuli haijafunguliwa. Linapita kwa dakika chache, na mara nyingi linawapata waliochoka au wanaolala ovyo ovyo. Mimi ni mwanakwaya, sina ugomvi na maombi. Lakini nimewahi kusikia bibi kizee akisingiziwa kwamba ndiye anayekaba watoto wa jirani usiku, na haya yangemsaidia kama pale barazani angekuwepo hata mtu mmoja anayeyajua.

Sasa turudi kwenye dawa. Pombe inakuwahisha kulala, ndiyo maana watu wanaiamini. Lakini nusu ya kwanza ya usiku inabana ule usingizi wa ndoto, na mwili ukishaisafisha, nusu ya pili usingizi unakatika-katika na ndoto zinarudi kwa fujo. Bangi nayo, kwa anayevuta sana, inaweza kupunguza usingizi wa ndoto. Ukiacha ghafla, kilichobanwa kinaruka kama maji ya bomba uliloziba kwa kidole. Kitabu kikubwa cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, kimeorodhesha kukosa usingizi na kupata ndoto za kusumbua kuwa ni dalili za kawaida za mtu anayeacha bangi. Zinaanza ndani ya siku moja mpaka tatu, zinapanda wiki ya kwanza, nyingi zinatulia baada ya wiki moja au mbili, ingawa shida ya usingizi inaweza kuzidi mwezi.

Soma tena sentensi hiyo, halafu mkumbuke Mdogo. Usiku wa nne. Alikuwa yuko katikati kabisa ya kupona, na hakuna aliyemwambia. Sisi tulimpa mlango wa kutokea bila kumwambia kwamba nje kunanyesha.

Naomba nitahadharishe hapa, maana zine hii inasomwa na wengi: aliyezoea vidonge vya usingizi kwa muda mrefu, au anayelewa kila siku, asiache ghafla peke yake. Anaweza kupata degedege. Aende kituo cha afya apunguziwe taratibu.

Jambo lingine lililoniponya na kiburi ni habari ya ndoto zenyewe. Kitabu kinaanza na Sigmund Freud wa Vienna, ambaye kitabu chake cha tafsiri ya ndoto kilitoka mwishoni mwa 1899 kikiwa kimeandikwa mwaka 1900. Yeye alisema ndoto ni tamaa iliyofichwa inayotimizwa kwa siri. Niliwasomea vijana Alhamisi moja. Kimya. Halafu mmoja akasema: "Yaya, nani anaweza kutamani ile? Ule muzee hakulalaka kwetu." Tulicheka sana. Lakini mbele nikakuta kwamba muzee mwenyewe baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alitafakari habari za watu ambao ndoto inawarudisha tena na tena pale pale walipoumia, na mwaka 1920 akaandika kwamba ndoto za namna hii haziendi na ile kanuni yake ya tamaa. Nilimheshimu kwa hilo. Kama yeye alikubali kuirekebisha nadharia yake kwa sababu ya waliotoka vitani, na sisi tunaweza kuurekebisha mchezo wa nusu saa.

Na kuna utafiti mmoja ningependa wafanyakazi wa mashirika wausome kwa utulivu. Wakati wa vita vya Vietnam, askari wengi wa Marekani walikuwa wanatumia heroini. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorudi mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alisema kule alikuwa amenaswa kabisa. Marekani ilijiandaa kupokea jeshi la wagonjwa. Lakini wengi wao walipofika nyumbani hawakurudia uraibu. Dawa ilikuwa ile ile, watu wale wale. Kilichobadilika ni mahali, kazi, familia, na kwamba vita kwao ilikuwa imeisha.

Mchezo wetu unasema ubaya wote umo ndani ya msokoto. Utafiti huu unaonyesha kwamba sehemu ya ubaya imo kwenye mahali mtu anapolala. Wale askari walirudi nyumbani. Sisi je? Kuna vijana kwenye kundi langu waliozaliwa humu humu kambini, na wengine walioingia juzi na jeraha bichi. Kuwaambia "acha tu" ni kuwataka wafanye kwenye hema lile ambalo wengine walifanya wakiwa kwao.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu niliyasikia nilipoleta hoja hii kwenye kikao. La kwanza: mchezo ni wa nusu saa, siyo darasa la chuo. Ni kweli. Basi tutoe tukio la mchungaji na tukio la kuokota makaratasi, hayakumfundisha mtu chochote. Dakika kumi zinapatikana. La pili alilitoa papa mmoja ninayemheshimu: "Mwanangu, ukionyesha kwamba kijana anavuta ili alale, watoto wasiovuta watajifunza kwamba bangi ni dawa ya usingizi." Hili ni zito na nililala nalo. Jibu langu ni kwamba hilo wanalijua tayari, wanaambiana kila siku kwenye foleni ya maji. Wasiloambiwa ni kwamba deni linalipwa mwishoni kwa riba. Tukionyesha usiku, tuonyeshe wote: usiku anapovuta akalala, na usiku wa nne baada ya kuacha, na usiku wa arobaini.

Mimi tukio ningeliandika hivi. Mchezo unachezwa mchana, giza hatuna, lakini mkeka tunao. Waigizaji wote wanalala chini, mmoja anagonga dumu tupu polepole kama pumzi. Kijana anaanza kuhema. Anaamka, anakaa. Mama naye amefumbua macho, maana hata yeye halali. Wazazi wetu wengi hawalali, tusijidanganye kwamba ni ugonjwa wa vijana. Anauliza kwa sauti ndogo: "Mwanangu, umeota?" Kijana anajibu: "Hapana, mama." Wote wawili wanalala tena, kila mmoja anajifanya amepitiwa. Dumu linaendelea kugonga. Hapo usiweke hotuba. Acha watu wasikie dumu.

Halafu mchezo uonyeshe njia, na njia ipo. Mwaka 2001, daktari Barry Krakow na wenzake huko New Mexico, Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 168 waliokuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono na wanasumbuliwa na ndoto mbaya. Waliofundishwa zoezi moja walipungukiwa na ndoto hizo na usingizi ukawa bora. Zoezi lenyewe linataka daftari na dakika kumi au ishirini kwa siku. Mchana, ukiwa macho, unachagua ndoto moja, siyo ile mbaya kuliko zote. Unaibadilisha unavyotaka wewe. Unaiandika au kuisema upya ikiwa imebadilika, kisha kila siku unaipitisha kichwani ile mpya. Huendi kulichimba tena lile lililotokea. Unaifanyia mazoezi ndoto, kama sisi tunavyofanya mazoezi ya mchezo.

Nilipoisoma hiyo niliinuka nikatembea. Maana kuigiza tunakujua! Hiki ndicho kitu ambacho kundi la maigizo linaweza kufanya vizuri kuliko kuimba "tuache dawa".

Sikumfanyia Mdogo peke yangu, mimi siyo mtaalamu. Kuna mshauri nasaha anayekuja kituo cha afya, tukakaa naye watatu. Kwanza mshauri alimweleza habari ya usiku wa nne, kwamba ule haukuwa wazimu. Mdogo aliuliza mara mbili: "Kumbe inapitaka?" Inapita, mdogo wangu. Halafu gongo ikaanza kupunguzwa, baadaye bangi, taratibu. Halafu ndoto. Katika ndoto yake kuna mlango unagongwa usiku, na baba yake anainuka kwenda kufungua. Sitaandika zaidi ya hapo. Mshauri akamwambia aibadilishe popote anapotaka. Mimi nilitegemea atasema baba anatorokea nyuma kwenye shamba la mihogo, au kwamba mlango ni wa chuma. Alifikiri muda mrefu. Akasema anayegonga ni mama jirani, amekuja kuazima ndoo.

Nilimuuliza ndoo ameitoa wapi. Akasema: "Kwenye mchezo yenu. Ile mama na dumu."

Kwa hiyo, wenzangu wa maigizo, tusivunjike moyo. Katika nusu saa nzima ya mchezo wetu, hotuba ilimdhuru, pepo halikumhusu, polisi wangu hakumsaidia kitu. Kilichobaki kwake ni ile dakika moja ambayo dada yule alicheza ukweli, mtu anaazima chombo cha maji kwa jirani. Hilo ndilo somo la uandishi nililolipata, na nadhani linatosha kwa mwaka mzima.

Mdogo hajapona kabisa. Kuna wiki anavuta tena. Ndoto bado inakuja, ila amesema siku nyingine anapousikia mlango anakumbuka ndoo hata kabla hajaamka, na siku hizo anaweza kulala tena.

Kwa nyinyi wafanyakazi wa mashirika, nina ombi dogo. Kwenye fomu zetu mnatuuliza vijana wangapi wamefikiwa na ujumbe. Ongezeni mstari mmoja tu: wangapi wanalala? Mtashangaa, na huenda mkaanza kuwapeleka washauri nasaha kule mlikokuwa mnapeleka mabango.

Mchezo wa mwaka huu tunauandika upya, mazoezi ni Alhamisi saa tisa kituoni. Njoo na mkeka wako, kwa sababu safari hii tunalala jukwaani. Mimi nimerudisha filimbi kwa refa. Nimeomba nicheze jirani.